Sponji Chini ya Aproni

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro aliitwa Bonge, na jina hilo alilistahili. Akisimama kwenye dirisha la kugawia chakula, dirisha lilijaa. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Wafanyakazi wakitoka kwenye mashine saa ya kula, nywele zimejaa vumbi la sponji, utani ulianzia mlangoni.

"Bonge, leo umetubakishia, au umeonja sufuria zima?"

"Mchuzi nimewabakishia. Nyama nimeionja mpaka ikaisha."

Basi watu wanacheka, wanapakuliwa wali na maharage, wanakaa kwenye mabenchi kula. Kuna waliokuwa na wake wanaojua kupika vizuri kuliko yeye, lakini walikuja tu, kwa sababu kula kwenye mkono wa mtu aliyenona kuna raha yake. Msimamizi wa kiwanda, ambaye wote walimwita Bosi japo juu yake walikuwepo mabosi wengine wasioonekana, alikuwa akileta wageni mpaka dirishani ili wamwone.

"Huyu ndiye kibao cha kantini yangu," aliwaambia, akimpiga Bonge tumboni kwa kiganja. "Mpishi akinawiri hivi, kuna haja ya kuuliza chakula kikoje?"

Bosi mwenyewe hakuwa mtu wa kupeperushwa. Alikuwa na kitambi cha heshima na koti lisilofunga vifungo, na wawili hao wakisimama pamoja ungedhani kiwanda kinatengeneza watu na siyo magodoro. Bonge akihema kwa kupanda ngazi tatu za stoo, hakuna aliyeshtuka. Walisema, "Mwili huo, si mchezo," wakampisha apite. Hakuna aliyewahi kumwambia aende akapimwe kitu. Apimwe nini, na afya yote ile iko nje inaonekana?

Watu wa mjini ndivyo walivyo. Wanakusalimia kwa macho kabla ya mdomo. Wakisema umenawiri, wanamaanisha kwamba kazi inalipa, mke anapika, na nyumbani kuna amani. Wakisema umepungua, basi hilo ni swali lenye maswali mengine tumboni, na hawakuulizi lolote kati ya hayo. Wanakwenda kuulizana wenyewe pembeni.

Bonge aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Zamani kidogo palikuwa na mwanamke aliyeuza chai kwenye kona ya kantini, wakimwita Mama Chai. Alianza kukonda. Mwanzoni walimtania kwamba anajinyima ili ajenge nyumba. Halafu utani ukapungua, na hapo ndipo mtu anapopaswa kuogopa, utani ukipungua. Halafu mmoja mmoja wakaanza kuja na chai zao kutoka nyumbani kwenye chupa. Hakuna aliyemwambia neno baya. Mwisho Bosi alimwita, akaongea naye kwa sauti ya asali, akamwambia akapumzike kwanza, na Mama Chai akaondoka na birika lake kubwa amelibeba mikononi. Bonge alikuwa anakoroga maharage siku hiyo. Alisema, wala hakushusha sauti, "Yule ameshakwisha. Ule ugonjwa hauna siri." Mama Chai alikuwa akiumwa nini hasa, mpaka leo hakuna anayejua, maana hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo asubuhi ile kamba za aproni zilipozunguka mgongo wake zikarudi mpaka mbele, Bonge alijua mara moja alichokuwa anakiona.

Kwa kawaida kamba hizo zilikuwa hazifiki. Ilibidi Shangazi, mama mtu mzima aliyekuwa akiosha masufuria na kukatakata vitunguu, aje nyuma yake azivute kwa nguvu azifunge fundo dogo, huku akilalamika kwamba anafunga gunia. Asubuhi ile Bonge alizishika mwenyewe, akazivuta, zikaja. Akazivuta tena. Zilikutana juu ya kitovu na bado zilibaki. Alisimama pale katikati ya jiko, kamba mikononi. Suruali aliyokuwa anaisingizia kuwa imelegea kwa kufuliwa, sasa aliielewa. Hata pete ya ndoa, ambayo juzi ilianguka ndani ya unga akaitafuta akicheka, aliielewa.

"Umeme umekupiga?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye karo.

"Nimesahau chumvi," alisema Bonge, na ilikuwa mbele yake.

Hofu iliyomwingia siku hiyo haikutoka. Hakuogopa kufa tu. Aliogopa kuonekana. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto watatu, na alikuwa na dirisha moja tu la kuwalisha. Siku watu watakapomwona amekonda, watakuja na chakula chao kwenye mabakuli, bila neno baya, na Bosi atamwita kwa sauti ya asali. Atakuwa amemwaga unga. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo hakuthubutu kuigusa: kwamba ule ugonjwa anao kweli, na kwamba ameshampa mke wake. Hakuwa malaika. Zamani, kabla mtoto wa mwisho hajazaliwa, palikuwa na mambo. Aliyahesabu akilini, akayaona yanatosha kabisa.

Kwenda kupima hakutaka hata kusikia. Alijiambia kwamba asiyepimwa hajaambiwa. Alichoamua ni kurudisha mwili, na kuurudisha haraka, kabla haujaonekana umeondoka.

Tena alidhani mwili wenyewe unamsaidia, kwa kuwa ulikuwa na kiu. Kiu gani hiyo! Alikunywa maji kwa kata ya kuchotea mchuzi na koo likabaki kavu. Bonge aliifurahia kiu hiyo. Alisema moyoni kwamba mwili unadai kilichopotea, basi na upewe. Akaanza kuupa soda. Alikuwa akiifungua ya kwanza kabla hajawasha jiko, na baada ya hapo aliacha kuzihesabu. Chai aliitia sukari mpaka kijiko kikawa kinakwenda kwa shida. Alikula mkate uliopakwa jemu juu na chini, akala ndizi mbivu, akala wali uliobaki chini ya sufuria, akalamba na mwiko. Kadiri alivyokula ndivyo alivyozidi kupungua. Alikojoa kutwa na kucha. Akasema pengine ni soda tu, akafungua nyingine.

Nyumbani alianza kulala na shati. Mke wake alimtazama.

"Baba Watoto, tangu lini unasikia baridi?"

"Feni inanipiga."

"Feni imeharibika tangu mwaka jana."

Aligeukia ukutani. Mke wake alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi, na macho hayo Bonge aliyasikia mgongoni. Hakumgusa tena mke wake tangu siku ya kamba za aproni. Alitaka kumlinda, kama bado palikuwa na cha kulindwa, na alijua kwamba ukimya wake unafanana na ukimya wa mwanamume mwenye mwanamke mwingine. Alimezea. Ilikuwa afadhali adhaniwe mzinzi kuliko adhaniwe maiti.

Siku moja mke wake alirudi kutoka uani na ndoo mkononi.

"Sisimizi wamejaa chooni," alisema. "Wamejipanga mpaka mlangoni. Kuna mtoto amemwaga juisi?"

"Watakuwa wanatafuta maji," alijibu Bonge, akamwaga majivu. Kesho yake walirudi.

Sasa nije kwenye sponji. Nyuma ya kantini ndipo kiwanda kilipotupa makapi ya kukatia magodoro, vipande vya manjano vya kila umbo, lundo refu kuliko mtu. Bonge alipita hapo kila siku kumwaga maji machafu. Siku moja, baada ya kijana wa kufunga mizigo kumwambia, "Bonge, mbona kama umepungua?" na kumwacha ameganda na upawa mkononi, alikwenda nyuma na ndoo tupu. Alichagua kipande kipana, chembamba, akakikunja, akakitia kwenye ndoo akafunika na kitambaa. Ndani ya stoo ya unga alikifunga tumboni kwa ule utepe wa kushonea kingo za godoro. Akavaa shati. Akavaa aproni. Akatoka.

"Ahaa," yule kijana alisema mchana akiinyoosha sahani yake. "Kumbe ni macho yangu tu."

Bonge alikaribia kulia kwa furaha. Ndivyo alivyoingia humo. Tumbo likafuatiwa na makalio, makalio yakafuatiwa na mabega, na kila suruali ilivyolegea ndivyo alivyoongeza kipande. Aliwahi kazini kabla ya wote ili avae, akachelewa kuondoka ili avue. Alijifunza kukaa polepole, kwa sababu sponji ikikaliwa haraka hutoa pumzi. Alijifunza kutoinua mikono. Sponji ikisuguana na sponji ina mlio wake, mkavu na mdogo, kama panya anayetafuna mbali, na mlio huo aliusikia kila alipopinda kuchota mchuzi. Alipiga miluzi ili usisikike. Wakasema Bonge siku hizi ana raha.

Uso ndio haukukubali kuvishwa. Alifuga ndevu, akawa anaongea amejaza mashavu hewa, mpaka watu wakamuuliza kama jino linamuuma.

Na jiko lilikuwa pale pale. Kila anayefanya kazi kiwandani humo alifundishwa jambo moja siku ya kwanza: sponji ikishika moto haikuulizi. Bonge aliwahi kuona kipande kikishika cheche ya sigara uani. Kiliwaka, kikayeyuka, kikadondoka matone yenye moto, na hakuna aliyewahi hata kusema lete maji. Sasa yeye alikuwa amejifunga kitu hicho mwili mzima, akakoroga masufuria juu ya ndimi za moto kuanzia asubuhi. Alikaa upande upande, amenyoosha mkono, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Jasho lilimchuruzika ndani ya sponji, sponji ikalinywa, na jioni alivua vipande vizito vinavyonuka.

Siku ulimi wa moto ulipomfikia ilikuwa ya maharage. Sufuria lilifurika, moto ukaruka pembeni ukashika ncha ya aproni. Bonge hakupiga kelele. Alitazama tu, akaona matone yale yenye moto yakimdondoka yeye. Shangazi ndiye aliyeruka na kitambaa kibichi akaupiga ule moto, pah, pah, pah, ubavuni na tumboni. Moto ukazimika. Mkono wa Shangazi ukabaki pale tumboni. Ulibonyea ndani, ukazama mpaka kwenye vifundo vya vidole, halafu ukasukumwa nje taratibu.

Walitazamana.

"Mwanangu," Shangazi alisema kwa sauti ya chini, "nimelala kwenye magodoro mengi. Hili nimelijua."

"Shangazi, nakuomba."

"Nani amekuambia nitasema? Lakini utaungua humo ndani, nikuokote kwa kijiko."

"Wakiniona nimekonda watafanya kama walivyomfanya Mama Chai."

Shangazi alikunja kitambaa chake. "Mimi ndiye niliyekuwa ninaosha vikombe vya Mama Chai," alisema. "Ninyi wote mlikataa kuvigusa." Akarudi kwenye karo, na mgongo wake haukugeuka tena mpaka jioni.

Ungedhani hapo angeacha. Hakuacha. Kesho yake alijaza vipande vipya, akavaa aproni nyingine.

Ikatangazwa kwamba wakubwa kutoka makao makuu watatembelea kiwanda na watakula kantini, chakula kile kile cha wafanyakazi. Bosi alikuja jikoni kutoa amri. Alikuwa na chupa ya soda mkononi na koti lake mwilini, lile koti ambalo siku hizi hakulivua hata paa la mabati likilia kwa joto.

"Bonge, siku hiyo nataka usimame dirishani, usitoke. Waone afya. Umenielewa? Waone kwamba hapa watu wanakula."

"Nimekuelewa, Bosi."

"Na hizo ndevu nyoa." Akanywa soda yake yote kwa mkupuo mmoja, akatoka haraka kuelekea chooni.

Basi Bonge alinyoa, na kioo kikamwonyesha mtu asiyemjua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Macho yenyewe yalikuwa na ukungu. Siku hizi nyuso za foleni alizitambua kwa sauti. Aliogopa sana asubuhi hiyo, akaona dawa ya hofu hiyo ni sponji. Akavaa nyingi kuliko siku zote. Shangazi alimkuta stoo anahangaika na utepe, akasimama mlangoni, akasema, "Nenda nyumbani, baba. Nitasema unaharisha." Akamjibu, "Nifunge nyuma tafadhali." Akamfunga.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu. Bosi alipiga mfano wake wa kibao, lakini safari hii hakumpiga Bonge tumboni, na Bonge alimshukuru Mungu kwa hilo. Alisimama dirishani akitabasamu. Miguu aliisikia iko mbali. Kiu ilikuwa imempanda mpaka ulimi umekwama kwenye kaakaa. Alitaka kumwomba Shangazi soda, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kama ya mlevi, na dirisha likaenda juu.

Hakuzimia kabisa. Hilo ndilo alilolijutia baadaye, kwamba aliyasikia yote. Alisikia mabenchi yakisogezwa. Alisikia mtu akisema, "Njooni wengi, huyu ni mzigo!" Walikuja wanaume wa mashine, wale wanaobeba magodoro mabegani, wakamzunguka, wakajipanga, mmoja kila mguu, wawili mabegani, wawili kiunoni. Wakapanga miguu yao wakavuta pumzi. "Haya! Moja, mbili, tatu!"

Bonge alipaa. Walikuwa wameweka nguvu za kunyanyua mtu aliyekuwa zamani, na aliyekuwepo alikuja juu kama mto wa kulalia, nusura wamgonge kwenye fremu ya mlango. Mmoja aliyumba akamwachia mguu. Shati likapanda, utepe ukakatika, na vipande vya manjano vikaanza kudondoka sakafuni kimoja baada ya kingine mbele ya wageni. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Walisimama wamemshika hewani, na mmoja wao akasema polepole, "Jamani, Bonge yuko wapi?"

Hospitalini, muuguzi alimtoboa kidole akaweka tone la damu kwenye kimashine, akakitazama, akakipangusa, akarudia. Kimashine kilikataa kutoa namba. Kilisema tu kwamba imezidi. Wakaja watu wengine wakakimbiakimbia, wakamtundikia maji, na alipopata akili vizuri mke wake alikuwa ameketi kando ya kitanda, na daktari mwanamke amesimama miguuni.

"Baba, ni kisukari," daktari alisema. "Umekuwa nacho muda. Pengine tangu ulipokuwa na ule mwili wako mkubwa. Ulikuwa unakunywa nini?"

Bonge alimwambia. Soda, chai, jemu, ndizi mbivu. "Nilikuwa narudisha mwili," alisema.

Daktari alifumba macho kidogo. "Ulikuwa unajimaliza. Ungechelewa kidogo tu tusingekuwa tunaongea."

"Na ule mwingine?" Bonge aliuliza. Hakuweza kulitaja. Alitazama dari.

"Tumekupima na huo. Huna."

Alilia bila aibu, mpaka mpira wa maji ukatikisika. Alipogeuka, mke wake naye alikuwa analia, lakini kwa hasira.

"Mimi nilikwenda kupima," alisema mke wake. "Peke yangu. Tangu ulipoanza kulala na shati. Nilikaa kwenye lile benchi nikijiambia nikikutwa nao, nani atawalea watoto wangu. Wakaniambia niko salama, wakasema nimlete mume wangu. Nikakungoja uniambie. Kila siku nilikungoja, Baba Watoto, na wewe unaniambia habari za feni."

"Niliogopa."

"Na mimi je?"

Alimpa mkono, na mke wake akauacha hapo kitandani kwa muda mrefu kabla ya kuushika.

Waliomtembelea walikuja na mapenzi na soda. Majirani, mashemeji, vijana wa mashine, kila mmoja na chupa yake na biskuti zake. "Kunywa, urudishe mwili," walisema, na wengine wakamfungulia kabisa. Mke wake alizipokea kwa shukrani, akazipeleka chini ya kitanda, na walipoondoka akazimwaga kwenye sinki moja moja. Bonge alimtazama akifanya hivyo na bado koo lake lilizitamani. Hilo nalo lilimtisha.

Alipoambiwa anaweza kurudi kazini, hofu ya zamani ilikuwa inamngoja pale pale getini. Alikuwa na dawa zake, alikuwa na sindano yake, na alikuwa na mwili mmoja tu, ule wa chini ya sponji. Alivaa aproni, kamba zikazunguka zikarudi mbele, akafunga mwenyewe. Dirisha lilikuwa pana kupita kiasi.

"Simama katikati," Shangazi alimwambia. "Usijifiche pembeni mwa dirisha."

Foleni ilikuja. Aliwaambia wazi, kwa sauti ya kusikika, "Ni kisukari, jamani. Kisukari tu, hakiambukizi." Walitikisa vichwa, wakasema pole, wakasema Mungu ni mwema, vile watu wanavyomwitikia mtu ambaye hawajamwamini. Wengi walipakuliwa. Lakini kwenye benchi la mwisho aliona wanne wamefungua mabakuli yao ya nyumbani, na mmoja wao alikuwa yule kijana wa kufunga mizigo. Bonge aliwahesabu tena, upawa mkononi. Alijua ilivyoanza kwa Mama Chai. Ilianza na mmoja, na hawa walikuwa tayari wanne.

Halafu akamwona Bosi mlangoni, amesimama akitazama foleni ikipungua, hakai, hali. Alisubiri mpaka wa mwisho alipotoka. Shangazi alikuwa nyuma akimwaga maji. Bosi alikuja taratibu mpaka dirishani na chupa yake ya soda, na Bonge akaona kwamba saa ya sauti ya asali imefika. Akaweka upawa chini ili usianguke. Alifikiria watoto wake. Alifikiria mke wake kwenye lile benchi.

"Bonge," Bosi alisema, na kweli sauti ilikuwa ya chini.

"Naam, Bosi."

"Ile kiu." Bosi aligeuka kutazama mlango, akarudi. "Ile kiu yako. Ilianza vipi?"

Bonge hakuelewa. Bosi aliegemea kwenye ubao wa dirisha ili asihitaji kupaza sauti, na hapo, kutoka ndani ya lile koti, ukatoka mlio mkavu na mdogo, kama panya anayetafuna mbali.

Bonge aliujua mlio huo kuliko alivyojua hatua za watoto wake. Aliinua macho. Kwa mara ya kwanza alimtazama Bosi shingoni, na kola ya shati ilikuwa imesimama peke yake, haigusi chochote. Midomo ilikuwa imekauka. Yule mtu ambaye Bonge alimwogopa kuliko watu wote wa kiwanda kile alikuwa akimtazama kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Wakijua," Bosi alisema, "wakinionyesha kidole kama... Bonge, nina watoto."

"Najua."

"Naogopa."

"Mimi bado naogopa," alisema Bonge. Akaichukua ile chupa mkononi mwake, akaimwaga kwenye karo mpaka tone la mwisho. Kisha akafungua mlango wa jiko na kumvutia kiti. "Ingia ukae, nivue aproni twende hospitali pamoja. Lakini vua hiyo kwanza, Bosi. Hapa kuna moto, na ikishika haiulizi cheo."

Bosi alifika kizingitini. Halafu mikono yake ikaanza kuvua koti.